Moshi wa Sabato

Chupa ile ililetwa Ijumaa alasiri, imeviringishwa blanketi la mtoto, na ilikuwa inapumua.

Nyakerario aliisikia kabla hajaiona. Alikuwa katika kijumba chake cha jikoni nyuma ya nyumba, anageuza chinsaga ili mboga ya Sabato iive mapema, wakati mjukuu wake Phanice alipoingia kinyumenyume, mgongo ukisukuma mlango, mikono imekumbatia kitu. Kile kitu kikasema bluk. Kikanyamaza kama mtu anayefikiri. Kikasema bluk tena.

"Phanice, ni nini hicho umeniletea?"

"Magokoro, nipishe kwanza nikiweke chini. Mikono imekufa."

Magokoro ndivyo mtoto wa Kisii anavyomwita nyanya yake, na Phanice alipolitamka kwa sauti ile nyembamba, bibi alijua anaombwa jambo.

Blanketi likafunuliwa. Ilikuwa chupa ya kioo kinene, kubwa kama kibuyu cha maziwa, na ndani yake mna uji wa rangi ya ndizi iliyoiva ikapitiliza. Mdomo umezibwa kwa mpira mweusi. Katikati ya mpira umechomekwa mrija, na ncha ya mrija imezama kwenye kikopo cha maji. Humo ndimo pumzi ilimotokea. Povu moja lilipanda, likapasuka, kimya, halafu lingine.

"Ni mbegu ya kiwanda," Phanice akasema. "Imebaki hii tu."

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, mabati na matangi tu, upande wa chini wa Sironga, na Phanice alifanya kazi huko tangu amalize chuo. Kilinunua ndizi ambazo wachuuzi wa soko la Daraja Mbili huzikataa, zilizopondeka na zilizoanza kuvunda. Zilisagwa zikatiwa kwenye matangi ya moto, na humo ndani mlikuwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vilivyotolewa kwenye chemchemi za maji yanayochemka yenyewe kule Bonde la Ufa. Vilikula ndizi vikatoa kemikali, ile ya kuyeyushia rangi za nyumba na gundi za viatu. Phanice alikuwa ameeleza hayo mara nyingi, nyumbani na hata sokoni. Watu walisikiliza yote, wakaondoka na neno moja. Kiwanda cha wadudu.

"Transfoma imeungua, huku kote hakuna stima, na leo jenereta nayo imekwama," Phanice akaendelea. "Matangi yamepoa yote. Mimi naenda Kisumu sasa hivi kutafuta kipuri, nirudi kesho jioni. Mtu akae na hawa wasipoe."

"Wakipoa?"

"Wanalala. Wakilala sana hawaamki. Halafu wale wadudu wa kawaida, wa kuozesha, wanaingia kuwanyang'anya chakula. Hao wa kawaida hawawezi moto. Moto ndio askari wetu, Magokoro. Na chupa isifunguliwe hata kidogo. Hewa hii tunayovuta sisi ni sumu kwao."

Nyakerario akaitazama chupa. Bluk.

"Wanaishi motoni, na hewa ya Mungu inawaua."

"Ndiyo."

"Mwanangu, anayeishi motoni ninayemjua mimi ni mmoja tu, na sijawahi kumkaribisha jikoni."

Phanice alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Aliipandisha ile chupa ndani ya sufuria kubwa ya maji, sufuria akaiweka juu ya mafiga, na katika maji akatumbukiza kipimajoto cha kioo chenye uzi mwekundu ndani. Alikuwa amekichora mistari miwili kwa rangi ya kucha ya zambarau. Uzi ukae katikati ya mistari. Ukishuka, ongeza kuni. Ukipanda, vuta kuni. Joto la chai ambayo umeingoja kidogo tu kabla ya kunywa.

"Gesi yangu ya mjini nikiiacha peke yake itawapika," akasema. "Nani mwingine anajua kukaa na moto? Wakifa hawa, kiwanda kinafungwa, na ndizi za huku kote zinarudi kuozea shambani."

"Kesho ni Sabato, Phanice."

Msichana akainamisha kichwa. "Najua."

Katika boma lile, tangu Nyakerario aolewe humo akiwa msichana, moto ulizimwa Ijumaa jua likiwa bado juu ya miti, na haukuwashwa hadi Jumamosi jua litue. Chakula cha Sabato kilipikwa mapema kikaliwa kikiwa baridi. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa na alikufa bila kuona moto siku ya Sabato chini ya paa lake. Nyakerario mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanawake wapya waliobatizwa jambo hilo.

Lakini Phanice alikuwa amekulia mgongoni mwake, mama yake akiwa ametangulia. Bibi akavuta kigoda.

"Nenda. Usikose gari la Kisumu."

Mlangoni Phanice aligeuka. "Na usimwambie mtu ni nini. Unajua vile watu wanaongea."

Nyakerario alijua. Alijua zaidi ya Phanice.

Usiku ule tuuache uende zake. Itoshe kusema hakulala, na mara kadhaa alipoinama kuchochea makaa alisikia bluk ikitoka nyuma ya shingo yake, nywele zikamsimama. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili asiisikie, na alipofika mwisho wa ubeti, ile chupa ikawa ndiyo inaitikia. Akaacha kuimba. Akaanza kuongea nayo, maana ukimya ulimtisha zaidi. "Tulieni. Tulieni tu, moto upo. Mimi siwataki, na nyinyi hamnitaki, lakini tutafika kesho."

Asubuhi ilikuja na ukungu na jogoo wa jirani. Persis akapita kando ya ua kama alivyopita kila Sabato, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Persis na Nyakerario waliolewa kijiji kile mwaka mmoja, walichota maji kisima kimoja, na sasa Persis alikuwa kiongozi wa Dorkasi, chama cha kina mama wa kanisa. Hakuna mtu aliyeishika Sabato kwa mikono miwili kama Persis.

"Nyakerario! Bado unavaa? Kengele imelia!"

Nyakerario aliruka kutoka kigodani, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi. Angeweza kusema. Hapo ndipo alipotakiwa kuufungua ule mlango na kusema, mwenzangu, ingia uone balaa niliyoletewa. Lakini alimwona Persis katika nguo yake nyeupe, akajiona mwenyewe na masizi mikononi siku ya Bwana, na aibu ikamkaba.

"Nina homa!" akaita. "Nenda tu. Siwezi kusimama."

"Pole mama! Homa imeingia huku. Marion naye ametapika tangu jana, Masese amebaki naye nyumbani. Nitawaombea nyote wawili."

Marion alikuwa mjukuu wa Persis, mtoto wa Masese mwenye bodaboda. Nyakerario alisikia viatu vya Persis vikiteremka kuelekea bondeni. Hakuwa amewahi kumdanganya Persis.

Makaa yakaisha.

Alijua yangeisha, ila alidhani yangefika mchana. Alitikisa gunia, likatoa vumbi. Uzi mwekundu ulikuwa unaugusa mstari wa chini. Zilibaki kuni za nje tu, nazo zilikuwa zimenyeshewa wiki nzima. Alichukua mti mmoja, akausukuma kati ya mafiga, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kuni ikalia, ikatoa povu, ikafuka.

Mwanzoni aliangalia uzi peke yake, ukipanda polepole kurudi katikati, akashukuru. Kisha akatoka nje kuvuta hewa, akainua macho.

Moshi ulikuwa umepanda juu ya paa lake wima kama mti, mweupe, mnene. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Na ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha pili, lilikuwa kanisa, mlango wake uko wazi, unatazama moja kwa moja kwenye boma lake. Katika vilima vyote vile hapakuwa na moshi mwingine. Ni wake tu.

Alirudi ndani akachukua ungo, akajaribu kuupepea moshi utawanyike. Ni kama kufagia mto. Akatupa ungo. Akafunga mlango. Moshi ukamjaa machoni, akaufungua tena.

Sasa ndipo woga wenyewe ulipomkalia, si ule wa chupa. Kule kilima cha tatu, penye mikaratusi, palikuwa na kiwanja chenye magugu ambapo hakuna aliyelima. Nyumba ya mama yake Ogoti ilikuwa pale, kabla haijachomwa kwa madai ya uchawi. Haikuanza na petroli. Ilianza na salamu. Mtoto wa mtu aliugua, na watu wakaanza kupita kwa mama yake Ogoti bila kumsalimu. Kisha mtu akasema alimwona na chungu. Kisha mwingine akasema alimsikia akiongea peke yake. Na siku walipokwenda, walikwenda watu aliowazalisha na aliowanyonyesha. Nyakerario aliona majivu yake asubuhi. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu.

Mtoto ameugua. Chungu kipo. Na alikuwa ameongea nacho.

Angeweza kuvuta kuni, moto ufe, moshi uishe. Akaitazama chupa. Bluk, ikasema, taratibu, kama mgonjwa anayemtegemea. Akaacha kuni mahali pake.

Nyimbo za kanisani zilivuka bonde, zikaisha. Mahubiri yakawa kimya kirefu. Jua lilipokuwa juu kabisa, zikaanza nyimbo nyingine, na hizi zilikuwa zinatembea. Nyakerario alizitambua. Ni Dorkasi. Wanakuja kumtembelea mgonjwa, ndivyo walivyofanya kila Sabato mchana, na kila mara yeye alikuwa miongoni mwao. Mgonjwa wa leo ni yeye.

Wimbo uliteremka bondeni, ukavuka daraja, ukaanza kupanda. Walipofika penye kona ya mashamba ya chai, pale ambapo mtu anaona uwanja wake wote, wimbo ukakatika. Haukuisha. Ulikatwa katikati ya neno.

Aliketi kwenye kigoda, akaisogeza kuni ndani zaidi.

Waliingia uwanjani kimya. Mbele alikuwa Obwocha, mzee wa kanisa, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote. Nyuma kina mama na vikapu vya chakula baridi. Persis alikuwa katikati, hakuwa akimwangalia mtu.

"Bwairire," Nyakerario akawaamkia kutoka mlangoni pa jiko.

Hakuna aliyeitikia. Alisubiri. Hakuna.

"Tulisikia uko na homa," Obwocha akasema hatimaye.

"Homa gani ya kupuliza moto?" Hiyo ilikuwa sauti ya Abigael, mwanamke mwenye ulimi usiokaa mdomoni. "Mgonjwa ana masizi mpaka kwenye nyusi! Sabato, Nyakerario! Wewe uliyeninyima ubatizo mwezi mzima kwa sababu nilipasha chai!"

"Abigael, nyamaza," Obwocha akasema.

"Ninyamaze? Basi na aseme anapika nini."

Na chupa, kama iliyoitwa, ikasema bluk.

Wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Kikapu kimoja kilianguka, ndizi za kuchemsha zikabingirika kwenye matope, na hakuna aliyeinama kuziokota. Abigael ndiye aliyesogea, akachungulia juu ya bega la Nyakerario, na alipoona kile kioo ndani ya sufuria, ule uji, ule mrija, povu likipanda, alitoa kilio kilichofika hadi barabarani.

Kilio kile ndicho kilichomleta Masese. Alikuja mbio kutoka nyumbani kwake, shati wazi, macho mekundu ya mtu aliyekesha na mtoto. Alisukuma watu, akaona, akasimama.

"Ni nini hiyo, nyanya?"

Nyakerario alikumbuka maneno ya Phanice kwamba asiseme. Akawaza kudanganya tena, akakosa uongo. Basi akasema kweli, na kweli yenyewe ikatoka vibaya kuliko uongo wowote.

"Ni wadudu wa Phanice. Wanakaa kwa moto. Nimeambiwa niwalinde."

"Uwalinde."

"Wasipoe. Wakipoa wanakufa."

"Wanakula nini?"

"Ndizi."

"Na ndizi zikiisha?" Masese aliuliza polepole. "Zikiisha, nyanya? Marion hajaweka kitu tumboni tangu jana. Kila kitu kinatoka. Kuna kitu kinamla ndani. Na wewe hapa nyuma ya ua wangu unawasha moto siku ya Sabato kulisha wadudu?"

"Masese, mimi nilikukata kitovu."

"Ndio maana nakuuliza!"

Aliondoka. Nyakerario alijua anakokwenda, kila mtu alijua. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa karibu na ua. Walimwona akichuchumaa, akivuta mpira mwembamba kutoka kwenye tangi, na petroli ikaanza kushuka ndani ya chupa ya soda. Wanawake wawili wakaanza kuondoka, kwa haraka ile ya mtu asiyetaka kuulizwa baadaye alikuwa wapi. Hakuna aliyemzuia.

"Tuombe," Obwocha akasema. Akainua mkono akaomba, na hakuna aliyefumba macho.

"Afungue!" Abigael akapiga kelele. "Afungue tuone kama ni kitu cha kiwanda! Kama ni kizuri mbona kimefungwa?"

"Fungua, Nyakerario," Obwocha akasema. "Fungua tu, mambo yaishe."

Alitazama kile kizibo cheusi. Kukivuta ni kazi ya mkono mmoja. Wangeona uji, wangesikia harufu, pengine wangerudi nyumbani. Au wangesema wadudu sasa wametoka, wamesambaa, na hapo ndipo Masese angefika na chupa yake ya soda. Mkono wake ulisogea wenyewe hadi kwenye mpira.

Akaona uzi mwekundu. Ulikuwa umeshuka chini ya mistari yote miwili. Kuni ilikuwa imeisha wakati wanaongea, na hakuna moshi tena uliotoka. Moto ulikuwa unakufa.

Mkono ukarudi. Nyakerario akageuka, akawapa mgongo watu wote, jambo ambalo hakujua angeliweza, akamtafuta mtu mmoja.

"Persis. Mimi sina homa. Nilikudanganya."

Persis akainua macho.

"Sikuficha uchawi. Nilikuficha wewe moto. Ulisimama pale na kitambaa chako cheupe, nikaona haya. Nikasema bora Persis anidhanie mgonjwa kuliko anione na masizi siku ya Sabato. Ni hilo tu. Waache wafanye watakalofanya, lakini niruhusuni niweke kuni moja. Ni kazi ya mtoto wangu."

Masese alikuwa amerudi. Harufu ya petroli iliingia kabla yake. Alikuwa akijimwagia petroli vidoleni bila kujua, na hilo likamtisha Nyakerario zaidi, maana mtu anayeogopa hivyo hawezi kuongeleshwa.

Persis akasogea. Alipita karibu na mwanawe bila kumtazama, akaingia jikoni, akainamia ile sufuria kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake. Povu likapasuka usoni pake. Akanusa.

"Hii ni ndizi," akasema. "Ni harufu ya shimo. Nyakerario, unakumbuka shimo la mama mkwe wako, lile la kuivishia ndizi, tulipozisahau humo zikachacha?"

"Tukachapwa."

"Tukachapwa sote wawili." Alinyoosha mgongo. Aliwatazama wale waliobaki mlangoni. "Mnataka kujua nani amewasha moto leo? Mimi. Kabla ya kengele. Marion alikuwa amekauka midomo, nikamchemshia maji, nikatia chumvi na sukari. Nilitumia gesi, ndio maana hamkuona moshi. Kisha nikavaa nyeupe nikaja kuongoza nyimbo. Sasa, Masese, na hiyo chupa yako, unaanza na nani?"

"Mama, toka humo."

"Nakuuliza."

"Mama, si hivyo, wewe ulikuwa unamsaidia mtoto..."

"Na yeye anamsaidia wa kwake."

Persis alikwenda hadi kwenye rundo la kuni, katika nguo ile nyeupe, akachagua miti miwili, akarudi akipitia katikati ya watu. Akapiga magoti kwenye majivu. Alizisukuma kuni kati ya mafiga, akapuliza. Moshi ukamfunika kichwa. Ukapanda juu ya paa, mweupe na mnene, ukasimama wima mbele ya kanisa zima.

Abigael akarudi nyuma hatua moja.

Persis akakohoa, akaketi chini pale pale, bega lake likagusa goti la Nyakerario. Na hapo Nyakerario alihisi kwamba Persis naye alikuwa anatetemeka, mwili mzima, kama kuku aliyenyeshewa.

"Mzee Obwocha," Persis akasema, "ulikuwa unaomba. Maliza."

Obwocha alimaliza, na safari hii baadhi walifumba macho. Masese hakufumba. Alisimama akiangalia ile chupa ya soda mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Kisha akaenda kwenye pikipiki, akaanza kuirudisha petroli kwenye tangi, na nyingi ikamwagika nje, akaitupa chupa majanini kando ya ua.

"Unakwenda wapi?" Persis akamwita.

"Hospitali. Nampeleka Marion hospitali."

"Ungekwenda tangu jana, bwege wewe. Ningoje nimshike katikati."

Waliondoka watatu juu ya pikipiki ile, mtoto ameviringishwa leso, Persis na masizi yake usoni. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Walipita karibu na Nyakerario, na wachache wakamwambia kwaheri. Wengine walipita tu. Aliwaona ni akina nani.

Phanice alifika jua likizama, ana kipuri kwenye gunia. Alimkuta nyanya yake kwenye kigoda kile kile, hajala, hajanywa, macho yamevimba kwa moshi. Aliinama juu ya chupa akangoja. Hakukuwa na sauti. Akangoja tena. Nyakerario alishika mkono wa mjukuu wake akaubana.

Bluk.

"Wapo," Phanice akasema, machozi yakamtoka. "Wamedhoofika, lakini wapo. Magokoro, umewaweka hai!"

Wakati ule ndipo Nyakerario naye alipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, na Phanice hakuelewa mpaka alipoelezwa, na alipoelezwa aliketi chini kwenye majivu. "Unakuja kuishi na mimi mjini," akasema. "Leo. Hatulali hapa."

"Nikiondoka leo, watasema nimekimbia."

"Ukibaki?"

"Nikibaki, tutaona nani atanisalimu."

Kwa hiyo alibaki. Jumapili habari zikaja kwamba Marion amewekewa maji ya mshipa, na daktari amesema ni maji ya mtoni ambayo hayakuchemshwa. Jumatatu Masese alikuja hadi kwenye ua, akasimama, akaondoka. Matangi ya Sironga yakapashwa moto tena. Wiki nzima Nyakerario alifungua mlango wake kila asubuhi akiwa ameshika komeo kwa muda kwanza, akisikiliza njia. Mtu akipita na asisalimu, alirudisha komeo, hata kama mtu mwenyewe ni mtoto wa shule anayekimbia.

Ijumaa iliyofuata, mchana mweupe, sauti ilitoka ng'ambo ya ua, kubwa kiasi kwamba wachumaji wa chai kwenye kilima cha pili walinyoosha migongo.

"Nyakerario! Nyakerario we! Njoo unipokee! Nimekuletea kuni kavu! Hizi hazitoi moshi!"

Ni Persis, mzigo mgongoni, amesimama mahali ambapo vilima vyote vinamwona. Hakukuwa na sababu ya kupiga kelele hivyo, alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Nyakerario alielewa. Akatoka hadi katikati ya uwanja, akajibu kwa sauti yake yote.

"Karibu! Karibu Persis! Leta, moto upo!"

Akaenda kumpokea mzigo. Pale kando ya ua, kwenye majani, ile chupa ya soda ilikuwa bado imelala mahali Masese alipoitupa. Wote wawili waliiona. Hakuna aliyeinama kuiokota. Waliizunguka, mmoja upande huu na mwingine ule, wakaingia jikoni.